Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Kuzalisha Msimbo: Mambo ya Kuzingatia Unapochora Programu

Mtu anayejifunza kuandika programu akionyeshwa kwa mara ya kwanza chombo kinachogeuza mchoro kuwa msimbo, huona kana kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Anachora visanduku viwili, anaviunganisha kwa mstari, anabonyeza kitufe, na faili za Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, zinajitokeza ndani ya folda. Akizifungua faili hizo atakuta majina ya klasi (yaani aina za vitu ambavyo programu inavishughulikia), sifa zake (taarifa zinazohifadhiwa) na vichwa vya kazi zake (vitendo vinavyofanywa), lakini ndani ya kila kazi mara nyingi hamna kitu. Mchoro umetoa mifupa tu, na mifupa ikiwa imepinda, kila kitakachoandikwa juu yake kitapinda vilevile. Kwa hiyo maandalizi yanayotangulia mchoro yanastahili muda mrefu kuliko uchoraji wenyewe, nami nitayaeleza kwa mfano wa kituo kidogo cha kukusanyia maziwa upande wa Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, ambako wakulima huleta maziwa asubuhi na jioni, karani huyapima na kuyaandika daftarini, na malipo hufanywa mwisho wa mwezi.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni daftari hilo la karani, kabla hata kompyuta haijawashwa. Keti naye, msome kurasa za wiki moja pamoja, na upige mstari kwa penseli chini ya kila jina la kitu: mkulima, lita, bei, tarehe, mtungi, malipo. Majina haya ndiyo yatakayokuwa klasi au sifa za klasi, na vitenzi kama kupima, kukataa na kulipa ndivyo vitakavyokuwa kazi. Si kila jina linalostahili kisanduku chake. Mtungi unatajwa kila siku kituoni, lakini ikiwa hakuna anayeuliza maziwa ya fulani yalimwagwa katika mtungi upi, basi mtungi haufai kuingia mchoroni hata kidogo. Bei, kwa upande mwingine, huonekana kuwa sifa ndogo tu ya kituo, kumbe ina historia. Ikiwa imechorwa kama sifa moja na ikabadilika tarehe 15, maziwa yote yaliyopokelewa tangu tarehe 1 yatahesabiwa kwa bei mpya, na mkulima mwenye kumbukumbu nzuri atakuwa na haki ya kulalamika. Amua mapema kama bei itakuwa klasi yenye tarehe ya kuanza kutumika, au kama kila pokezi litahifadhi bei ya siku yake.

Jambo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni idadi inayoandikwa kwenye ncha za mstari unaounganisha klasi mbili. Katika UML, lugha ya michoro inayotumiwa sana kwa kazi hii, 1 humaanisha kimoja tu, 0..1 humaanisha hakuna au kimoja, 1..* humaanisha kuanzia kimoja na kuendelea, na nyota peke yake humaanisha sifuri au zaidi. Alama hizi ni ndogo na mwanafunzi hudhani ni pambo, ilhali ndizo chombo huzisoma kinapoamua umbo la msimbo: ncha yenye 1 kwa kawaida huzaa sifa moja ya kawaida, na ncha yenye nyota huzaa orodha. Ukigundua baadaye kwamba 1 ilipaswa kuwa nyota, kila mahali palipoitumia sifa ile patalazimika kuandikwa upya.

Niliwahi kuchora programu ya kituo cha namna hii nikaandika 1 pande zote mbili za mstari kati ya Mkulima na LainiYaSimu, kwa kuwa mimi mwenyewe nina laini moja na sikuwaza kwamba mwenzangu anaweza kuwa na hali tofauti. Tulipoanza kuingiza majina, programu ilimkataa kijana mmoja kwa sababu namba yake ilikuwa tayari imesajiliwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mama yake mzazi. Mama alinieleza kwa upole: “Laini ni moja, mwanangu, lakini ng'ombe ni wawili na wenyewe ni wawili.” Kila mmoja wao alikuwa na namba yake ya uanachama na hesabu yake daftarini, ila pesa za wote wawili ziliingia kwenye M-Pesa ya mama. Siku hiyohiyo alitokea mkulima mwenye laini mbili, moja ya kupokea ujumbe na nyingine ya kupokea malipo. Marekebisho ambayo yangekuwa alama moja ya penseli yalinichukua siku tatu. Tangu hapo sichori mstari kabla ya kuuliza maswali mawili kwa sauti, moja kutoka kila upande: mkulima mmoja anaweza kuwa na laini ngapi, na laini moja inaweza kutumiwa na wakulima wangapi? Jibu hutolewa na karani na wakulima. Mchoraji asijijibu mwenyewe.

Aina ya kila sifa nayo iamuliwe mapema, kwa sababu chombo kitaandika aina ileile utakayochagua bila kuuliza. Namba ya simu ni namba kwa jina tu, kwani hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya; ikitangazwa kuwa nambari kamili, sifuri ya mwanzoni hupotea na tarakimu 10 zinazoanza na 07 au 01 hubaki 9. Iwe maandishi. Pesa ni hatari zaidi. Aina ya nambari yenye nukta ambayo lugha nyingi huitumia kwa kawaida huhifadhi sehemu za desimali kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 pekee, na katika mfumo huo 0.1 haiwezi kuandikwa kwa usahihi kamili, hata ukijumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha ya Python utaonyeshwa 0.30000000000000004. Kosa hilo halionekani katika pokezi moja, lakini mapokezi yakiwa maelfu hesabu ya kituo na hesabu ya mkulima zinaweza kutofautiana kwa senti, na senti zisizo na maelezo huondoa imani haraka. Njia iliyo salama ni kuhifadhi pesa kwa senti na maziwa kwa mililita, vyote vikiwa nambari kamili. Lita 7.5 ziwe 7500, bei ya shilingi 45.50 iwe 4550. Zikizidishwa na jibu kugawanywa kwa 1000, unapata senti 34125, yaani shilingi 341.25. Kukubaliana ni wapi kipande cha senti kitakamilishwa kuwa senti nzima, kwa kila pokezi au mwisho wa mwezi, ni uamuzi wa kituo, nao uandikwe kando ya mchoro.

Sisi tunaotumia majina ya Kiswahili katika michoro yetu tuna tahadhari ya ziada. Java na Python hazikubali nafasi, kistari wala ritifaa (alama ya ') ndani ya jina la klasi au la sifa, wala jina linaloanza na tarakimu. Klasi iliyoandikwa Ng'ombe mchoroni inaweza kupita bila onyo, kisha msimbo ukakataa kufanya kazi kwa sababu ya ritifaa hiyo moja. Andika Ngombe, na badala ya “idadi ya lita” andika idadiYaLita. Chagua pia kama majina yatakuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza, kisha ushikilie uamuzi huo. Mchoro wenye Mkulima hapa na Farmer pale huzaa klasi mbili za mtu mmoja.

Sasa ndipo swali la aina ya mchoro linapofaa kuulizwa. UML ilitokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa na shirika la viwango la OMG (Object Management Group) mwaka 1997, na toleo lake la 2.5.1 la mwaka 2017 lina aina 14 za michoro. Usiogope wingi huo. Kwa programu ndogo, mchoro wa klasi ndio ambao vyombo vingi huutumia kuzalisha msimbo, na mchoro wa hali, ambao mizizi yake iko katika kazi ya David Harel ya mwaka 1987, husaidia sana panapokuwa na kitu kinachopita hatua mbalimbali. Mzigo wa maziwa ni mfano mzuri: umefika, umepimwa, umekubaliwa au umekataliwa, umelipwa. Laktomita ikionyesha kwamba maziwa yamechanganywa na maji, mzigo huingia katika hali ya kukataliwa, na kusiwe na mshale wowote unaotoka hapo kwenda kwenye malipo. Lakini je, karani akiwa amekosea kusoma? Ikiwa kituo kinaruhusu kupima mara ya pili, mshale wa kurudi uchorwe, kwani usipochorwa, hatua hiyo imekatazwa.

Anayetaka kujifunza hatua za hesabu peke yake, bila klasi, afadhali aanze na chati mtiririko, mchoro wa hatua zinazofuatana kwa mishale. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walionyesha kwamba mfuatano, uteuzi na urudiaji vinatosha kujenga utaratibu wowote wa hesabu, na chombo kama Flowgorithm, kinachotumika kwenye Windows bila malipo, kinajengwa juu ya hatua za aina hizo, kisha kinaonyesha msimbo wake katika lugha kadhaa.

Kuhusu chombo, hakikisha kwanza kwamba kinazalisha msimbo kweli. PlantUML hugeuza maandishi kuwa mchoro safi, lakini kazi yake ni kuchora. Umbrello, wa mradi wa KDE, huzalisha msimbo wa lugha kadhaa zikiwemo C++, Java na Python. Umple, uliotokana na Chuo Kikuu cha Ottawa nchini Kanada, huandikwa kama maandishi na huweza kutumika kwenye kivinjari, jambo linalofaa mahali penye kompyuta dhaifu, mradi tu kuna intaneti. Usitegemee sana kuhamisha mchoro kutoka chombo kimoja hadi kingine. Upo muundo wa pamoja uitwao XMI, lakini kwa kawaida baadhi ya mambo hupotea njiani. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa klasi moja yenye sifa tatu, uone msimbo unaotoka kabla ya kuchora klasi ishirini.

Hatari ambayo wengi hukutana nayo wakiwa wamechelewa ni kuzalisha mara ya pili. Umejaza kazi ya kulipa kwa mkono kwa siku mbili, unaongeza sifa moja mchoroni, unabonyeza kitufe, na faili mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Soma maelezo ya chombo chako ujue kama kina sehemu zilizolindwa ambazo hakizigusi. Kama hakina, weka msimbo wa mkono katika klasi nyingine inayorithi ile iliyozalishwa, yaani inayochukua sifa na kazi zake, kwenye folda tofauti. Hifadhi mchoro na msimbo vyote viwili katika Git, programu inayotunza matoleo ya faili, na uhifadhi mara kwa mara, kwani stima haitoi taarifa kabla ya kupotea.

Mwisho, chapisha mchoro kwenye karatasi na urudi nao kituoni. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, wa siku moja, na umwombe karani aufuate mstari kwa mstari huku kidole chake kikipita juu ya visanduku: huyu ni nani, alileta lita ngapi, kwa bei gani, mzigo wake uko katika hali ipi, atalipwa kwa laini ipi. Pale kidole kinaposimama na karani akasema kwamba huyu hana mahali pa kuandikwa, weka alama, na usibonyeze kitufe siku hiyo.