Kutafuta chimbuko la jina adimu la Kiingereza: mfano wa Shufflebottom

Jina adimu lina faida kubwa: wenye nalo mara nyingi hawajasambaa mbali na lilikozaliwa. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukianza kubahatisha maana kabla ya ramani, utapotea.

Hatua ya 1: Kusanya tahajia. Zamani karani wa parokia aliandika alichosikia. Orodhesha Shufflebottom, Shufflebotham, Shovelbottom na Shipperbottom. Kisha ongeza makosa ya wanakili: katika mwandiko wa karne ya 19, S kubwa hufanana na L, kwa hiyo tafuta hata Lhufflebottom. Tovuti ikikubali kinyota (*), kinachosimamia herufi zozote, andika Sh*bot*. Itanasa zote nne za mwanzo, ila si hiyo ya L. Soundex, mbinu ya kutafuta majina yanayosikika sawa, nayo haitakusaidia hapo, kwani hushikilia herufi ya kwanza.

Hatua ya 2: Chora ramani ya sensa ya Uingereza ya 1881. Faharasa yake inasomwa bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo. Hesabu watu kwa mahali walipozaliwa, si wanapoishi. Viwanda vya pamba vilikuwa vimeshawavuta wengi mijini. Gawanya idadi kwa wakazi wote wa wilaya, kisha zidisha kwa 10,000. Usipofanya hivyo, London na Manchester zitaonekana chimbuko la kila jina kwa sababu tu zina watu wengi. Sensa ya 1841 iache: inaonyesha tu kama mtu alizaliwa katika kaunti anayoishi au la.

Hatua ya 3: Rudi nyuma. FreeBMD, tovuti ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo, itakufikisha Julai 1837, usajili wa serikali ulipoanza. Kabla ya hapo ni daftari za parokia, zilizoamriwa 1538. Angalia tarehe: hadi 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo ubatizo wa "Februari 1700" kwetu ni wa 1701. Kurasa zikiwa zimeoza, omba nakala zilizopelekwa kwa askofu.

Hatua ya 4: Linganisha na ardhi. Pale jina lilipo zito, soma majina ya mashamba na mabonde kwenye ramani za zamani. Jina letu linaelekeza mahali paitwapo Shipperbottom, karibu na Bury, Lancashire. "Bottom" hapa ni bonde, kama katika mji jirani wa Ramsbottom. Sehemu ya kwanza hufasiriwa kuwa mahali pa kuoshea kondoo. Haihusiani na "shuffle", yaani kuburuta miguu.

Kama unataka kujua iwapo wote wana babu mmoja, nyaraka pekee hazitoshi. Pima DNA ya kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, kwa wanaume wa matawi yaliyoachana zamani. Zisipolingana, usikimbilie kusema kuna waanzilishi wawili: huenda mtoto alipewa jina la mama au la baba mlezi, kwa hiyo pima angalau mwanamume mwingine katika kila tawi.