Jinsi ya kusoma utabiri wa majira ya joto kwa Milima ya Rocky na tambarare zake

Ramani za msimu za Marekani hutolewa na CPC, kituo cha utabiri wa tabianchi kilicho chini ya NOAA (shirika la serikali la bahari na anga), Alhamisi ya tatu ya kila mwezi. Kwa kipindi cha Juni hadi Agosti, tumia iliyotoka katikati ya Mei. Zile za tangu majira ya baridi zipo, ila usipangie kitu juu yake.

Anza na rangi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Rangi haisemi joto litazidi kwa kiasi gani. Inasema uwezekano tu. Chukua miaka 30 ya 1991 hadi 2020, ipange kutoka wenye joto zaidi hadi wenye baridi zaidi, kisha igawe mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Bila dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33. Rangi ya chungwa yenye asilimia 50 maana yake ni hii: fungu la joto 50, la kati 33, la baridi 17. Msimu ukija wa baridi, ramani haikudanganya. Hiyo 17 ilikuwemo. Tena chungwa iliyokolea yaweza kuishia nusu nyuzi tu juu ya wastani.

Eneo jeupe si "hali ya kawaida". Linamaanisha hakuna dalili ya kuelemea upande wowote. Hali ya kawaida huchorwa kwa kijivu. Kwenye ramani ya mvua, ambako kijani ni mvua zaidi na kahawia ni upungufu, weupe ni jambo la kutarajia. Mvua ya majira haya huja kwa mawingu ya radi: shamba moja linalowa, la ng'ambo ya barabara linabaki vumbi.

Sasa tenganisha mlima na tambarare, kwa sababu ramani haitakufanyia kazi hiyo. Rangi moja hufunika jiji la Denver, Colorado, lililo mita 1,600 juu ya bahari na yenye mchana wa Julai wa nyuzi 32 hivi za Selsiasi, pamoja na mji wa milimani wa Leadville, mita 3,100, ambako mchana huohuo ni kama 22. Tafuta wastani wa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe na kwa kimo kinachofanana na chako, ndipo upime utabiri dhidi ya huo.

Majira ya mvua nayo hayalingani. Kwenye tambarare za mashariki mwa Colorado, Mei na Juni ni kati ya miezi yenye mvua nyingi zaidi, na ndiyo miezi ya kuogopa mvua ya mawe. Milima ya kusini-magharibi, kinyume chake, huwa mikavu Juni na kungoja monsuni, yaani mvua za msimu za kiangazi, ambayo kwa kawaida huingia Julai na kuendelea hadi Septemba. Kwa hiyo aliye upande wa monsuni asome ramani ya Julai hadi Septemba, ile inayotoka katikati ya Juni. El Niño na La Niña (bahari ya Pasifiki ikipata joto au ikipoa kuliko kawaida) hutajwa sana, lakini hapa nguvu yake huonekana zaidi majira ya baridi; usiipe uzito kuliko theluji na udongo.

Theluji iangalie kwenye vituo vya SNOTEL, vinavyoipima milimani, na usome maji yaliyomo ndani yake, si kina chake. Kuna mtego mmoja: mwishoni mwa Mei, theluji ya kawaida ikiwa karibu kwisha, mabaki kidogo tu yanaweza kuandikwa "asilimia 300". Tarakimu hiyo haina maana. Linganisha kilele cha mwaka huu na kilele cha kawaida, ambacho sehemu nyingi za Colorado hufika Aprili, kisha uone theluji iliisha tarehe gani. Ikiisha mapema, misitu hukauka kabla monsuni haijafika na hatari ya moto hupanda. Huko chini, wanaomwagilia kwa maji ya mito ya South Platte na Arkansas hupungukiwa hata kama kwao mvua imenyesha.

Udongo mkavu huongeza joto lenyewe: jua lisipopata maji ya kuvukiza, nguvu yake yote huishia kupasha ardhi na hewa.

Kwa mambo ya siku hadi siku, weka ramani ya msimu kando. Tarehe 31 Julai 1976, takriban milimita 300 zilishuka kwa saa chache juu ya korongo la Big Thompson, Colorado, na kuua watu zaidi ya 140. Ramani ya miezi mitatu haioni kitu cha namna hiyo. Mlimani, mawingu huanza kurundikana kwenye saa tano asubuhi, kwa hiyo uwe umeshashuka chini ya mpaka wa miti (kimo ambapo miti huishia) kabla ya saa sita. Radi huelekea tambarare alasiri, na Kansas na Nebraska mara nyingi hupigwa usiku. Kukata majani ya mifugo au kufunga hema la sherehe, fuata ramani za CPC za siku 6 hadi 10, zinazotoka kila siku.

Ramani ya ukame ya Marekani (Drought Monitor) hutoka kila Alhamisi, lakini takwimu zake hufungwa Jumanne asubuhi. Mvua ya Jumatano utaiona humo wiki inayofuata.