Jinsi ya Kuomba Kibali cha Droni Inayojiendesha kwa Ukaguzi wa Laini na Mitambo

Droni inayotoka yenyewe kwenye sanduku lake la kuchajia, ikakagua laini ya umeme, bomba la mafuta au shamba la sola, kisha ikarudi na kutua bila mtu kushika rimoti, si jambo la majaribio tena. Kinachochelewesha miradi ya namna hii ni kibali. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka ndege isiyo na rubani ipate idhini maalumu ya nchi husika kabla ya kuruka juu ya ardhi yake, na kila mamlaka ya usafiri wa anga ina utaratibu wake wa kutoa idhini hiyo. Nyingi sasa zinatumia mbinu ya kutathmini hatari iitwayo SORA, iliyoandaliwa na JARUS, kundi la wataalamu kutoka mamlaka za anga za nchi mbalimbali. Mwongozo huu unafuata toleo lake la 2.5, la mwaka 2024. Marekani ina njia yake ya kuomba msamaha wa masharti ya Part 107, kanuni zake za droni ndogo.

Kabla ya kuandika chochote, iulize mamlaka yako inapokea toleo gani. Toleo la 2.0 lina malengo 24 ya usalama wa uendeshaji, la 2.5 lina 17, na jedwali la hatari ya ardhini si lile lile. Ombi linalochanganya matoleo mawili hurudishwa hata kama hesabu zake ni sahihi.

Nani anaweza kuingilia kati?

Swali la kwanza la mkaguzi ni kama rubani wa mbali anaweza kuisimamisha, kuirudisha au kuishusha droni wakati wowote ikiwa angani. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, droni inahesabiwa kuwa inajiendesha kikamilifu pale tu ambapo rubani hana uwezo wa kuingilia kati. Droni nyingi za sandukuni haziko hivyo: zinafuata njia iliyopangwa, na mtu aliye kwenye chumba cha usimamizi ana kitufe cha kusimamisha. Andika hivyo waziwazi, na utaje amri alizonazo rubani. Waombaji wengi hunakili maneno ya tangazo la muuzaji, wakajikuta wanaulizwa maswali ya daraja gumu kuliko kazi yao.

Kama rubani mmoja atasimamia droni kadhaa kwa pamoja, sema sasa, si baadaye. Ushauri wetu: ombi la kwanza liwe rubani mmoja kwa droni moja. Idadi ikiongezeka, sehemu yote ya mafunzo, skrini na mzigo wa kazi hubidi iandikwe upya.

Chora eneo, si mstari

Hapa ndipo maombi mengi huharibika. Mwombaji huchora mstari wa njia kwenye ramani, akahesabu watu walio chini ya mstari huo, akaendelea. Mamlaka inataka tabaka tatu: eneo la kuruka, ambamo droni hukaa mambo yakiwa sawa, eneo la dharura, ambamo inaruhusiwa kuingia ikikosea huku mfumo ukiirekebisha, na ukanda wa tahadhari ardhini, ambamo itaangukia ikishindikana kabisa.

Chukua mfano wa droni ya rota nne, upana wa mita 0.9 kutoka ncha hadi ncha, ikikagua kilomita 18 za laini ya umeme kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde na kimo cha mita 60. Mwendo wa juu kabisa unaotajwa na mtengenezaji ni mita 23 kwa sekunde. Eneo la kuruka tumeliwekea mita 10 kila upande wa njia.

Upana wa eneo la dharura unajengwa hivi: kosa la GPS mita 3, kosa la kushika njia mita 3, kosa la ramani mita 1, umbali unaopitwa katika sekunde 1 kabla mfumo haujachukua hatua mita 15, na umbali wa kufunga breki. Huo wa mwisho ni kipeo cha pili cha mwendo kikigawanywa kwa mara mbili ya mvutano wa dunia (9.81), droni ikiweza kuinama digrii 45: 225 ÷ 19.62, yaani mita 11.5. Jumla ni mita 33.5. Kwa hesabu ya namna hiyo hiyo kwenda juu, droni ya mita 60 inaweza kufika mita 83 hivi.

Kanuni rahisi ya ukanda wa tahadhari ni moja kwa moja: kimo cha juu kabisa ndio upana wake. Kwa hiyo mita 83. Kila upande sasa una 10 + 33.5 + 83, yaani mita 126.5, na ule mstari mwembamba umekuwa ukanda wa mita 253. Kwa kilomita 18 hizo ni kilomita za mraba 4.5 na zaidi, na nyumba ambazo mstari ulizikwepa sasa zimo ndani.

Ukiweka parachuti, usidhani ukanda utapungua. Droni inayoshuka kwa mita 5 kwa sekunde kutoka mita 83 inachukua kama sekunde 17, na upepo wa mita 8 kwa sekunde utaisukuma zaidi ya mita 130. Parachuti inapunguza madhara ya kugonga, lakini inapanua mahali pa kuangukia. Wakaguzi huliangalia hili mapema, kwa sababu waombaji hulisahau.

Daraja la hatari ya ardhini

Jedwali la SORA linataka vitu vitatu: kipimo kikubwa zaidi cha droni, mwendo wake wa juu kabisa (ule wa mtengenezaji, isipokuwa umeufungia chini na unaweza kuthibitisha), na msongamano wa watu ndani ya tabaka zote tatu. Kwa droni isiyozidi mita 1 na mita 25 kwa sekunde, eneo lenye watu chini ya 5 kwa kilomita ya mraba lina daraja la 2. Chini ya 50, daraja la 3. Chini ya 500, la 4. Chini ya 5,000, la 5. Eneo lililofungwa ambalo watu wake wote wako chini ya udhibiti wako, kama ndani ya uzio wa kiwanda, lina daraja la 1.

Hairuhusiwi kuchukua wastani wa njia nzima. Kipande chenye watu wengi kuliko vyote ndicho kinachoamua. Kama kilomita 17 ni mashamba yenye watu 40 kwa kilomita ya mraba na kilomita 1 inapita kijiji chenye 600, daraja ni 5, si 3. Una njia tatu: kuzungusha njia, kukata safari mara mbili ili kijiji kibaki nje, au kutumia hatua za kupunguza hatari. Kuhesabu kwamba watu wako chini ya paa kunapunguza 1 kwa ushahidi mwepesi, lakini huwezi kulidai juu ya soko au uwanja wa mpira. Parachuti iliyothibitishwa inaweza kupunguza 1 au 2 kulingana na ubora wa ushahidi. Kwetu, kuzungusha njia hushinda karibu kila mara: hakuhitaji cheti cha mtu yeyote.

Hatari ya angani na kiwango cha SAIL

Chini ya mita 150 hivi, nje ya anga inayodhibitiwa na juu ya mashamba, daraja la kuanzia la hatari ya kugongana na ndege nyingine ni ARC-b (madaraja huanzia ARC-a, la chini kabisa, hadi ARC-d). Juu ya mji, au ndani ya anga inayodhibitiwa, ni ARC-c. Karibu na kiwanja cha ndege kilicho ndani ya anga inayodhibitiwa ni ARC-d. Baadhi ya mamlaka hukubali kushusha daraja ukiruka ukiwa umegandamana na nguzo au jengo, mahali ambapo ndege zenye watu hazipiti. Kwa laini za umeme uliza kwanza: kampuni yenye laini hiyo inaweza kuwa na helikopta inayokagua nguzo zile zile, kwa kimo kile kile. Barua ya kampuni inayoeleza jinsi ratiba zitakavyopangwa zisigongane ina uzito kuliko kurasa kumi za nadharia.

Ukiunganisha daraja la 3 la ardhini na ARC-b unapata SAIL II, yaani kiwango cha pili kati ya sita vya uhakika wa usalama unaotakiwa kuthibitisha. Ukibaki na kijiji, daraja la 5 linakupandisha hadi SAIL IV. Tofauti si ya karatasi tu: lengo la SAIL II ni droni isipoteze udhibiti zaidi ya mara 1 kwa saa 100 za kuruka, na kwa SAIL IV ni mara 1 kwa saa 10,000.

Droni isitoke nje ya eneo

Andika sura nzima kuhusu kupotea kwa mawasiliano, maana hapo ndipo mpangilio wa kiwandani hukusaliti. Droni nyingi zikikosa mawasiliano hupanda hadi kimo kilichowekwa, kisha hurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka. Kama njia yako ina kona, mstari huo unakata nje ya eneo lililoidhinishwa, pengine juu ya kile kijiji ulichokizunguka. Badilisha mpangilio ili irudi kwa njia iliyoendea, hakikisha kimo cha kurudi kinazidi nguzo ndefu kuliko zote lakini hakivuki kikomo cha eneo la kuruka, kisha hesabu upya betri: kurudi kwa njia ndefu kunakula chaji zaidi. Eleza pia sekunde ngapi za ukimya zinahesabiwa kuwa mawasiliano yamepotea.

Uzio wa kidijitali unaotegemea GPS na kompyuta ile ile inayoongoza droni hautoshi pale eneo la jirani lina watu wengi, kwa sababu hitilafu moja inaua vyote viwili. Eneo la jirani ni umbali ambao droni ingeruka kwa dakika 3 kwa mwendo wake wa juu, lakini si chini ya kilomita 5 wala zaidi ya 35. Kwa mfano wetu, dakika 3 ni kilomita 4.1, hivyo tumia 5. Ikiwa ndani ya kilomita hizo kuna mji, tarajia kuombwa kifaa cha kuzima injini kinachojitegemea, chenye umeme na redio yake.

Viambatisho

Tayarisha maelezo ya kazi, faili la ramani lenye tabaka tatu, kitabu cha uendeshaji, mpango wa dharura, rekodi za matengenezo, vyeti vya marubani, tamko la mtengenezaji na bima. Juu ya vyote weka jedwali la malengo 17, kila lengo likiwa na nambari ya ukurasa unaolijibu. Mkaguzi asipoona ukurasa, anaandika swali, na kila swali linarudisha faili kwenye foleni.

Namba lazima zifanane kila mahali. Kama mtengenezaji anaruhusu upepo wa mita 12 kwa sekunde, usiandike 12 kama kikomo cha kipima upepo kilicho juu ya sanduku: kwenye mita 60 upepo huwa mkali zaidi. Weka 8 na ueleze kwa nini. Kipeperushi cha mauzo si ushahidi. Omba ripoti ya majaribio. Na zipigie simu namba zote zilizo kwenye mpango wa dharura kabla ya kuwasilisha.

Sambamba na hayo, omba kibali cha masafa ya redio kama hutumii masafa huria, ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi panaposimama sanduku, na usajili wa kulinda taarifa binafsi iwapo kamera itanasa watu.

Kibali kikitoka, kisome kifungu kwa kifungu. Kinataja modeli ya droni, eneo na mara nyingi toleo la programu yake. Zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye sanduku siku hiyo hiyo: toleo jipya linaweza kurudisha mpangilio wa kurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka bila mtu kugundua. Kila mabadiliko ya programu, betri au antena yajaribiwe ardhini, kisha ndani ya eneo lililofungwa, na mamlaka ijulishwe kabla droni haijarudi kwenye laini.