Kusafirisha punda kwa Canter msimu wa baridi, Dodoma hadi Njombe

Mwongozo huu ni wa familia inayohama na punda wake wanne wa mkokoteni kati ya Juni na Agosti, kwa Canter ambayo usiku inageuka chumba cha kulala. Punda wa Ugogoni amezoea jua na vumbi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai kuna asubuhi ambazo majani yanakutwa na sakitu.

1. Karatasi

Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo wa wilaya. Idadi, mnakotoka na mnakokwenda vilingane na kilichomo garini. Jike mwenye mimba kubwa abaki nyumbani.

2. Bodi

Gawa bodi kwa ukuta wa mbao ngumu wenye kimo cha mita 1.5. Nyuma acha mita 2.5 za punda, wasimame kukatisha upana wa gari, kila mmoja akipata kama sentimita 60. Sehemu ya mbele, inayopakana na kebini, ni ya magodoro na vyombo. Gari likitembea, mtu yeyote asikae humo. Wasioenea kwenye kebini wapande basi.

Pitisha kiganja kwenye mbao zote na ugonge kila msumari uliochomoza. Punda hushikwa kirahisi na pepopunda, na mkwaruzo mdogo unatosha kuingiza vimelea. Sakafuni mwaga maranda unene wa sentimita 10. Nailoni usitandike kabisa, maana ikilowa mkojo punda huteleza.

3. Kupakia

Hapa ndipo siku inapopotea. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama akaganda. Watu huona ukaidi, wanachukua fimbo, na kila pigo linamthibitishia kwamba gari ni mahali pabaya. Baada ya hapo hata maji hatayafuata humo ndani.

Anza wiki moja kabla. Egesha gari karibu na zizi na uwawekee chakula cha jioni kwenye ngazi ya kupandia, kesho yake juu kidogo, hatimaye ndani. Kama gari ni la kukodi na linafika asubuhi ya safari, tengeneza ngazi mapema uilaze chini waizoee.

Kuhusu ngazi: urefu wake uwe angalau mara tatu ya kimo cha sakafu ya bodi kutoka ardhini. Sakafu iliyo mita moja juu inataka ngazi ya mita tatu. Wengi huleta mbao za mita mbili, mteremko unakuwa mkali na kwato zinateleza. Mbao zikidunda kama ngoma punda harudii tena, kwa hiyo zikaze kwa chini na uzifunike kwa udongo au magunia. Lakini kama kuna kingo ya ardhi yenye kimo cha sakafu ya bodi, achana na ngazi: rudisha gari nyuma mpaka liguse, ziba pengo, wapite kama wanaingia zizini. Hakuna njia inayoishinda hii.

Fungua turubai la mbele ili ndani kuwe na mwanga. Punda haingii kwenye shimo jeusi. Aanze mpole, na rafiki yake amfuate papo hapo. Ukiwatenganisha marafiki, wa pili atalia na wa kwanza atageuka. Dume asiyehasiwa awe wa mwisho, nyuma ya kizuizi chake.

Akigoma, usimvute kichwa. Watu wawili wapitishe kamba pana nyuma ya mapaja na waishike bila kuvuta kwa nguvu. Akisogeza mguu mmoja, legezeni mara moja. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Akirudi nyuma, rudini naye, muanze upya. Tengeni saa mbili, na utingo mwenye haraka mtumeni akanywe chai.

Kamba ya kichwa funga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kichwa kikiweza kushuka hadi usawa wa kifua. Asipoweza kuinamisha kichwa, vumbi na makohozi hubaki kwenye njia ya hewa na huweza kuleta nimonia.

4. Turubai

Funika juu na mbele. Pembeni acha upenyo wa sentimita 30 chini ya paa. Kosa la msimu wa baridi ni kufunga kila kitu: mkojo hutoa amonia, mvuke wa jasho na pumzi hugeuka matone kwenye turubai na kudondoka mgongoni. Ukiingia na macho yakawasha, hewa haitoshi. Lakini mvua isiwaguse; manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi.

5. Njiani

Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni takribani kilomita 260. Hiyo ni siku ya kwanza. Ondokeni alfajiri, msizidi kilomita 60 kwa saa, na kila baada ya saa tatu simameni nusu saa. Beba maji ya nyumbani, madumu manne ya lita 20, kwa sababu punda hukataa maji yenye harufu ngeni. Chakula ni nyasi kavu na mabua. Pumba kidogo sana. Kupanda mlima wa Nyang'oro tumieni gia ndogo, bila kukata kona kwa ghafla.

6. Kulala

Wateremsheni Iringa, wale na kutembea. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya turubai, hata likiwa limebaki na makaa mawili. Gesi yake haina harufu na huua watu usingizini. Pasheni maji nje, myatie kwenye chupa, mlale nazo chini ya blanketi.

7. Kufika

Wafute jasho kwa gunia kavu, msiwaogeshe. Wapumzike siku tatu bila mkokoteni. Angalia kinyesi na namna wanavyokula: punda asiyekula kwa siku nzima, hasa aliyenenepa au anayenyonyesha, mafuta ya mwili huingia kwenye damu na ini hushindwa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.