Somo: Kuchunguza Kibofu cha Mkojo cha Mbuzi, Hatua kwa Hatua

Tutatumia kibofu cha mbuzi jike, kwa kuwa urethra yake, yaani mrija unaotoa mkojo kibofuni kwenda nje, ni fupi na haina mapindo kama ya beberu. Mwombe mchinjaji akuachie figo, ureta (mirija miwili inayoleta mkojo kutoka kwenye figo) na kibofu vikiwa vimeungana, maana kibofu kilichokatiwa shingoni na kutupwa ndooni hakiwezi kukuonyesha jambo lililo kuu katika somo hili. Mnyama awe amepitishwa na mkaguzi wa nyama, nawe uvae glavu.

Hatua ya kwanza. Tandaza viungo kwenye trei na uondoe mafuta kwa vidole, si kwa makasi, kwa sababu ureta ni nyembamba na rangi yake hukaribiana na ya mafuta yanayoizunguka. Wengi huikata bila kujua.

Hatua ya pili, ambayo nakusihi usiiruke. Chukua bomba la sindano lililotolewa sindano, liingize kwenye urethra, kaza kwa uzi, kisha sukuma maji polepole. Kibofu kilichokuwa kimesinyaa kama ngozi ya embe bovu kitatuna, na ukuta wake utakuwa mwembamba hata upitishe mwanga. Sasa kata ureta moja katikati na ukibinye kibofu taratibu: kwa kawaida maji hayatarudi kupitia ureta hiyo. Punguza maji kibofuni, kisha sukuma mengine kutoka upande wa ureta, nayo yataingia bila shida. Hapo hakuna kizibo chochote. Ureta hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, hivyo kibofu kinapojaa, shinikizo la mkojo huibana sehemu hiyo ikajifunga. Mtoto anayezaliwa na sehemu hiyo ikiwa fupi mno huweza kurudishiwa mkojo figoni, na maambukizi yakipanda nao, figo hudhurika.

Hatua ya tatu. Mwaga maji, kisha pasua kuanzia urethra hadi kileleni kwa upande ambao ureta haziingii. Ndani utaona mikunjo mingi, isipokuwa kwenye pembetatu iliyo kati ya matundu mawili ya ureta na mdomo wa urethra. Tazama pia ukingo uliokatwa: kati ya utando wa ndani na wa nje kuna msuli uitwao detrusa, ambao nyuzi zake zimesukana kila upande, wala hazitengani kwa matabaka safi kama michoro inavyodai.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini pembetatu haina mikunjo?

Jibu: Marahaba. Kwingineko utando wa ndani umelazwa kwa ulegevu juu ya msuli, kwa hiyo hukunjamana kibofu kinapokuwa kitupu. Kwenye pembetatu umeshikamana na msuli kwa nguvu.

Swali: Kileleni nimeona kovu dogo. Je, ni ugonjwa?

Jibu: La, si ugonjwa. Ni mabaki ya urakasi, mrija uliopitisha mkojo kutoka kibofuni kupitia kitovu mbuzi alipokuwa tumboni mwa mama yake. Umechunguza vizuri, maana wengi hawalioni.

Swali: Naweza kutumia kibofu kilichohifadhiwa kwa fomalini?

Jibu: Kwa hatua ya tatu, ndiyo. Kwa jaribio la maji hakifai, kwa sababu fomalini hukakamaza ukuta na kibofu hakitanuki tena.