Jinsi ya kudai matengenezo madogo ya gari kabla waranti haijaisha

Gari jipya huanza kusumbua kwa vitu vidogo. Kioo cha mlango wa nyuma kinapanda kwa kusuasua, dashibodi inagongagonga ukiingia barabara ya vumbi, AC inapuliza upepo wa uvuguvugu saa nane mchana. Mwenye gari anajiambia atasema siku ya sevisi. Siku hiyo anamwambia kijana wa mapokezi kwa mdomo, kijana anaitikia "sawa bosi", na hakuna kinachoandikwa popote. Waranti inaisha, kioo nacho kinagoma kabisa, na bili inakuwa yake.

Hitilafu iliyoandikwa kwa wakala wakati waranti bado hai ina mahali pa kusimamia hata kama matengenezo yatachelewa. Iliyosemwa kwa mdomo haina. Maelezo haya yanamhusu zaidi aliyenunua gari jipya kwa wakala wa kampuni ya magari hapa Tanzania. Gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida huja bila waranti ya kiwanda. Na ukileta gari jipya mwenyewe kutoka Dubai, uliza kwanza kama wakala wa Dar es Salaam anaitambua waranti hiyo, kwa sababu waranti nyingi hufungwa kwa nchi au kanda gari lilikouzwa.

Soma kijitabu cha waranti kabla ya kupiga simu

Waranti ya kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia kufika. Muda huanza kuhesabiwa siku gari lilipokabidhiwa au kusajiliwa, hata kama ulikaa nalo uani miezi miwili bila kuligusa. Angalia vitu vinavyopewa muda mfupi zaidi: betri mara nyingi huwa na muda wake, na matairi huwa chini ya kampuni iliyoyatengeneza. Marekebisho madogo kama mlango usiofunga vizuri au milio ya plastiki za ndani nayo yanaweza kuwa na ukomo wa mapema, ndiyo maana hayafai kuahirishwa. Breki pedi, wipa, filta na klachi huhesabiwa kuwa vitu vya kulika, na kwa kawaida waranti haivibebi. Ukiliingiza gari kwenye teksi mtandao, tafuta kama kijitabu kinatenganisha matumizi binafsi na ya biashara.

Kuna mambo ambayo waranti haiyajui kabisa. Jiwe lililopasua kioo cha mbele, maji yaliyoingia ulipolazimisha kupita bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa mafuriko, panya aliyetafuna waya: hayo yapeleke kwenye bima yako kubwa uone kama inayabeba. Mafuta yaliyochakachuliwa yakiua pampu, mtengenezaji atasema kosa si lake. Tunza risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) za vituo unavyojaza, maana ndizo zitakazoonyesha mafuta yalitoka wapi.

Usilipeleke kwanza kwa fundi wa mtaani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu madai yao kwa nia njema. Taa ya cheki injini imewaka, fundi wa jirani ana mashine ndogo ya kupimia, anaichomeka, anafuta namba ya hitilafu, taa inazima. Unafurahi. Kumbe kompyuta ya gari ilikuwa imehifadhi namba ya hitilafu pamoja na hali ya injini wakati huo: mzunguko wa injini, joto, mwendo. Vyote vimefutika. Ukifika kwa wakala wanapima, wanakuta kweupe, wanaandika "hakuna tatizo lililoonekana". Kuchomoa betri kunaweza kufanya vivyo hivyo.

Fundi wako anaweza kuwa hodari kuliko wa wakala, sibishani. Ila akishafungua kitu, utaulizwa nani alifungua. Redio mpya, alamu au kifaa cha GPS kilichofungwa kwa kukata nyaya kitakuwa jambo la kwanza kutajwa ukilalamikia umeme wa gari.

Pia usiendelee kuendesha kwa kubahatisha taa ya onyo ikiwaka. Taa ya cheki injini iliyowaka tu bila kupepesa kwa kawaida inakupa nafasi ya kufika gereji taratibu. Ikimulikamulika, injini haichomi mafuta sawasawa na unaweza kuunguza kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake si ya mchezo. Taa nyekundu ya oili au ya joto: paki, zima, piga simu. Ukiendelea nayo, kosa dogo la kiwanda linageuka uzembe wa dereva, na waranti haimlipii mzembe.

Kusanya ushahidi, kisha andika

Rekodi video kwa simu: sauti isikike, dashibodi ionekane na kilomita zake. Andika hutokea lini. Asubuhi gari likiwa baridi? Ukikata kona? Ukipita tuta? Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo ngumu kuithibitisha, na video yenye tarehe inaokoa ubishi mwingi.

Weka pamoja nakala ya kadi ya gari, hati ya waranti, kitabu cha sevisi chenye mihuri na risiti za sevisi zote. Namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17 utaikuta chini ya kioo cha mbele upande wa dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Linganisha na iliyo kwenye kadi.

Halafu tuma barua pepe. Hata kama umeshapiga simu, tuma. Mfano:

Meneja wa Huduma,
(Jina la kampuni),
Dar es Salaam.

YAH: HITILAFU KATIKA GARI NAMBA T ____ ____ LILILO NDANI YA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Gari tajwa, lenye namba ya chesisi ________, nilikabidhiwa tarehe ________ na sasa limetembea kilomita ________. Tangu tarehe ________ kioo cha mlango wa nyuma kushoto kinakwama katikati kinapopandishwa, hasa asubuhi. Gari halijapata ajali, na mlango huo haujafunguliwa na fundi mwingine. Naomba hitilafu hii ikaguliwe na kurekebishwa chini ya waranti, na nipatiwe majibu kwa maandishi. Nimeambatisha nyaraka na video.

Taja dalili, usitaje ugonjwa. Ukiandika "shokapu imekufa", watapima shokapu, wataikuta nzima, na faili litafungwa. Ukiandika "kuna mlio wa kugonga mbele kushoto nikipita tuta polepole", wanalazimika kutafuta mlio unatoka wapi.

Ukiwa mkoani na wakala yuko mbali, barua hiyo ina uzito zaidi. Uliza kama kuna gereji iliyoidhinishwa karibu nawe, na usiruhusu kitu kifunguliwe mpaka upewe kibali cha maandishi. Kikibadilishwa kifaa kwa dharura, omba cha zamani urudi nacho.

Siku ya kulipeleka

Fika mapema, na kabla ya kukabidhi ufunguo soma jobu kadi, ile karatasi ya gereji inayoandikwa kazi ya kufanywa kwenye gari. Maneno yako yawemo. Kikiandikwa "sevisi ya kawaida" peke yake, mwombe aongeze malalamiko moja baada ya jingine, pamoja na kilomita na tarehe, kisha upige picha. Uliza pia kama kuna ada ya upimaji iwapo tatizo litaonekana haliko ndani ya waranti, na ni shilingi ngapi. Ni bora swali hilo liulizwe asubuhi kuliko jioni dirishani kwa mhasibu.

Tatizo likiwa la kuja na kuondoka, omba fundi apande nawe mzunguko mmoja. Dakika kumi ukiwa naye kwenye barabara mbovu zina faida kuliko maelezo ya nusu saa mapokezini.

Kuna jibu utakalolisikia tu: "Mama, hizi gari zote ziko hivi." Huenda ni kweli. Mwambie kwa upole, "Sawa mwanangu, basi naomba tuwashe lingine la aina hii tulisikilize." Kama lingine lina mlio uleule, umejifunza kitu. Kama liko kimya, hana pa kuegemea.

Kifaa kikiagizwa nje, omba namba ya oda na tarehe wanayotarajia. Kwa kawaida kusubiri kifaa hakukupotezei haki ikiwa hitilafu ilipokelewa waranti ikiwa hai, ndiyo sababu ya kung'ang'ania tarehe ya jobu kadi. Ukienda kulichukua, jaribu kilichotengenezwa hapohapo uani na uondoke na karatasi inayosema nini kilibadilishwa.

Miezi miwili kabla ya waranti kuisha, au kilomita zikikaribia, lipeleke kwa ukaguzi wa mwisho. Orodhesha kila kinachokukera, hata taa ya ndani ya buti. Usione haya, ulishayalipia hayo kwenye bei ya gari.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi, na kifungu cha kijitabu wanachokitegemea. Mara nyingine ombi hilo peke yake hubadilisha jibu. Lisipobadilika, panda ngazi: meneja wa huduma, kisha ofisi ya mtengenezaji inayosimamia kanda. Uliza pia kama tatizo limo kwenye wito wa kurudisha magari kiwandani. Kasoro ya usalama ya aina hiyo kwa kawaida hurekebishwa bure hata waranti ikiwa imepita, kama ilivyokuwa kwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliyohusu mamilioni ya magari duniani.

Baada ya hapo kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo pia inamlinda mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inadai kitu kilichouzwa kiwe na ubora unaokubalika na kifae kwa kazi yake. Malalamiko yako yawe mafupi, yapangwe kwa tarehe, na yaambatane na barua ya kwanza, picha za jobu kadi, majibu ya wakala na risiti ya EFD ya ununuzi. Peleka vivuli, nyaraka halisi zibaki nyumbani, na nakala ya malalamiko yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani.