Kupima Asidi ya Maji ya Kisima na Bwawa kwa Titresheni

Kipimo cha pH huonyesha ukali wa asidi iliyomo kwenye maji, lakini hakisemi ipo kiasi gani. Visima viwili vyenye pH 6 vinaweza kutofautiana mara kadhaa kwa kiasi cha chokaa kinachohitajika kuituliza. Kiasi hicho hupatikana kwa titresheni, yaani kuongeza kidogo kidogo alkali ya nguvu inayojulikana hadi asidi iishe, kisha kusoma kiasi kilichotumika.

Makosa mengi hutokea kabla hata bureti, mrija wenye vipimo na koki wa kudondoshea alkali hiyo, haijajazwa. Sehemu kubwa ya asidi ya maji ya kisima au bwawa la samaki ni kabonidayoksaidi iliyoyeyuka, nayo hutoroka kama gesi ya soda iliyofunguliwa. Zamisha chupa sentimita 30 hivi, ijae pomoni pasibaki hewa, kisha ifunike ikiwa bado majini. Usiitikise. Iweke penye baridi na upime mapema, ikiwezekana palepale shambani. Bwawani, chukua sampuli alfajiri: usiku kucha viumbe vyote hupumua na hakuna mmea unaoitumia gesi hiyo, hivyo ndipo inapokuwa nyingi.

Mimina mililita 100 kwenye flaski, maji yateremke taratibu ukutani, kisha tia matone 5 ya fenolftalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha. Yakigeuka waridi papo hapo, pH imeshapita 8.3 na hakuna asidi ya kupima kwa njia hii. Yasipobadilika, ongeza alkali yenyewe, sodiamu haidroksaidi ya 0.02 M (moli 0.02 kwa lita), kutoka kwenye bureti huku ukizungusha flaski polepole juu ya karatasi nyeupe. Ukikaribia mwisho, nenda tone kwa tone. Waridi hafifu likidumu sekunde 30, soma bureti; likikolea umepitiliza, chukua maji mapya.

Kila mililita 1 iliyotumika ni miligramu 10 za asidi kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Mililita 6.5 ni miligramu 65 kwa lita. Ikiwa asidi yote ni kabonidayoksaidi na unataka kiasi chake, zidisha mililita hizo kwa 8.8 badala ya 10.

Haidroksaidi yenyewe haiaminiki sana. Gramu 0.8 kwa lita hutosha, iyeyushwe kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, lakini hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na kupungua nguvu. Ikichakaa, majibu hupanda bila sababu. Ihakiki mara kwa mara kwa asidi ambayo nguvu yake inajulikana, na uihifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri.

Maji yenye klorini hufuta rangi ya fenolftalini. Tia kwanza tone 1 la sodiamu thayosalfeti ya 0.1 M, inayoondoa klorini. Waridi likififia kila mara na mashapo ya kahawia yakaanza kujitenga, hayo ni madini ya chuma: sampuli hiyo ipelekwe maabara ichemshwe kwanza na haidrojeni peroksaidi.